Mcheza Kwao: Ngoma, Ugeni na Ujirani kutoka Pwani hadi Burnt Forest

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wafafanuzi wa methali hii aghalabu huishia kwenye maana yake iliyo wazi: mtu huthaminiwa na watu wa nyumbani kwake, na tuzo humfikia yule achezaye mbele ya macho yanayomjua. Ni nadra kuulizwa swali ambalo methali yenyewe inalizua. Je, asiye na kwao acheze wapi? Na hiyo "kwao" hupatikana kwa kuzaliwa tu, au watu waliokutana ugenini wanaweza kuijenga?

Swali hili lina uzito wa pekee katika mji kama Burnt Forest. Mji huo umo kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, na jina lake linakumbusha msitu ulioungua. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ulifika katika nyanda hizo, na ardhi iliyokuwa ya wafugaji ikageuzwa kuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, sehemu ya mashamba hayo ilinunuliwa na Waafrika kupitia kampuni za ununuzi wa ardhi na vyama vya ushirika. Wakalenjin, Wagikuyu, Waluhya na wengineo wakawa majirani wa ua kwa ua. Mnamo Desemba 1992, mwezi wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, nyumba zilichomwa na watu wakauawa au kukimbia. Moto huo ulirejea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika vipindi hivyo vya vurugu neno "madoadoa" lilitumiwa kuwataja majirani walioonekana kuwa si wa mahali hapo. Neno hilo ni kinyume kamili cha methali ya mcheza kwao: linamwambia mtu kwamba hata akicheza miaka thelathini, hapo si kwao.

Makala haya yanachunguza historia ya ngoma katika Afrika ya Mashariki kama njia ya kuijenga "kwao" miongoni mwa wageni. Hoja kuu ni kwamba urafiki uletwao na ngoma hautokani na mdundo wenyewe, kama ambavyo imekuwa desturi kudai, bali hutokana na utaratibu unaouzunguka mdundo huo: kujifunza pamoja, kugawana majukumu, kuchangiana, na kushindana kwa kanuni. Utaratibu huo ukikosekana, hata ngoma ivume vipi, haiwezi kumzuia jirani kumgeuka jirani.

2.0 Ngoma kama Neno na kama Mkusanyiko

Katika Kiswahili neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Ni chombo kilichowambwa ngozi. Ni uchezaji wenyewe. Ni hafla inayowakusanya watu. Na ni uganga wa pepo pamoja na kundi la waganga na wagonjwa wanaoushiriki. Janzen (1992), aliyeichunguza taasisi ya ngoma ya uganga katika Afrika ya Kati na Kusini, pamoja na Dar es Salaam, anaonyesha jinsi mgonjwa anavyoingizwa katika jamii ya walioteseka kama yeye, na jinsi baadhi ya wagonjwa wanavyofuzu hatimaye na kuwa waganga. Katika mfumo huo, maumivu ndiyo tiketi ya kuingilia. Ukoo wa mtu hauulizwi kwanza. Kinachoulizwa ni kilichompata.

Maana hizi hazipaswi kutenganishwa. Msemaji anaposema kuwa "kuna ngoma" mahali fulani, hasemi tu kwamba kuna chombo kinachopigwa. Anasema kuwa kuna watu wamekusanyika, kila mmoja akiwa na nafasi yake: mpigaji, mwimbaji kiongozi, waitikiaji, wachezaji, watunzaji na watazamaji. Lugha yenyewe inakiri kwamba chombo na jamii ni kitu kimoja. Mhakiki anayeandika juu ya mapigo pekee, akasahau mkusanyiko, ameandika juu ya nusu tu ya neno.

3.0 Beni: Ngoma Isiyorithiwa na Mtu

Mfano ulio bora zaidi wa ngoma ya wageni ni beni, ambayo historia yake iliandikwa kwa kina na Ranger (1975). Beni ilizuka katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, kuelekea mwisho wa karne ya 19. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi, na ndani yake mlikuwa na gwaride, sare, matarumbeta na vyeo vya kijeshi. Baadhi ya wasomi wa mwanzo waliiona kuwa ni uigaji mtupu wa Wazungu. Ranger aliupinga mtazamo huo kwa kuonyesha kwamba beni ilipandikizwa juu ya desturi ya kale ya Waswahili ya mitaa na vyama kushindana kwa mashairi, karamu na ngoma. Vazi lilikuwa jipya, lakini mwili uliovikwa ulikuwa wa zamani.

Katika Tanganyika vyama viwili vilitia fora: Marini na Arinoti. Marini walijinasibisha na usafi, elimu na kazi za ofisini; Arinoti walihusishwa zaidi na wafanyakazi wa kawaida. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliwabeba wachezaji wa beni, wakiwa askari na wapagazi wa majeshi yaliyopigana, hadi bara. Vita vilipokwisha, ngoma hiyo na jamaa zake zilikuwa zimeenea hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi zinazoitwa leo Malawi na Zambia. Huko ilizaa au kuathiri ngoma kama mganda na kalela. Mitchell (1956) aliichunguza kalela katika mji wa migodi wa Luanshya, akaonyesha jinsi wafanyakazi walivyoitumia kujipambanua na kutaniana na makabila mengine waliokutana nayo mjini.

Jambo moja katika historia hii linahitaji kutiliwa mkazo. Gwaride na tarumbeta havikuwa mali ya urithi ya kabila lolote kati ya yale yaliyokutana Dar es Salaam au Tabora. Kila aliyeingia katika chama alianza akiwa mwanafunzi. Hakuwepo mtu aliyeweza kumwambia mwenzake kuwa hatua hizi ni za babu yangu, wewe huzijui. Usawa huo wa kutojua ndio uliofungua mlango wa udugu. Ngoma ya urithi humkumbusha mchezaji nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Ngoma ya kujifunza huwafanya wote kuwa wageni kwanza, kisha huwafanya wote kuwa wenyeji kwa pamoja.

4.0 Cheo, Mchango na Maziko

Mchezaji wa beni alikuwa na cheo. Palikuwa na wafalme, majenerali na makapteni, na wanawake walikuwa na vyeo vyao. Ni rahisi kuvicheka vyeo hivyo, lakini kazi yake ilikuwa nzito. Kijana aliyeitwa "boi" mchana kutwa na bwana wake aliitwa kapteni jioni na wenzake. Aidha, cheo kilikuwa ni wajibu. Chama kilimpokea mwanachama aliyefika kutoka mji mwingine, kilimsaidia alipopatwa na shida, na kilimzika alipofariki mbali na jamaa zake. Kwa mtu aliyekuwa ugenini, hofu kubwa ilikuwa kufa bila ya mtu wa kumwosha na kumfukia. Beni iliitibu hofu hiyo, na katika kuitibu ilimpa mgeni kile ambacho methali ilimnyima: mahali pa kutunzwa.

Wanawake nao walikuwa na vyama vyao. Strobel (1979) anaonyesha kuwa vyama vya lelemama vya Mombasa viliwaleta pamoja wanawake wa asili mbalimbali, wakiwemo waliotoka katika koo za watumwa na wale wa kiungwana, ijapokuwa tofauti za hadhi hazikufutika kabisa. Uzoefu walioupata katika kuongoza, kuchangisha na kuandaa hafla uliwafaa baadaye walipounda jumuiya za wanawake Waislamu zilizoshughulikia elimu na ustawi. Dar es Salaam palitokea jambo kama hilo. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Geiger (1997) anaeleza jinsi mwaka 1955 mtandao wa vikundi vya ngoma vya wanawake ulivyotumiwa kuwaandikisha wanachama wa chama hicho. Vikundi hivyo vilitumia Kiswahili na havikujali kabila. Kwa hiyo wanawake hao hawakufunzwa umoja wa taifa na wanasiasa. Walikuwa wakiuishi tayari katika viwanja vya ngoma, na wanasiasa wakaja kuukopa.

5.0 Mashindano na Mipaka Yake

Haitakuwa haki kuisimulia historia hii kana kwamba ilikuwa ya upendo tu. Ngoma za Waswahili zilistawi kwa ushindani, na ushindani ulikuwa na bei yake. Huko Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni iligawanyika katika mambo mengi, na mashindano ya ngoma na karamu yaliweza kuwafilisi washindani. Huko Mombasa, gharama za lelemama zililalamikiwa. Ugomvi nao ulizuka mara kwa mara. Mtu angeweza kudai, kwa hiyo, kuwa ngoma ilijenga uadui kwa kiasi kile kile ilichojenga urafiki.

Hata hivyo, dai hilo linasahau kuwa mshindani si adui. Mshindani anahitajiwa. Marini bila Arinoti hakuwa na wa kumwonyesha ufundi wake. Katika Usukuma, vyama vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana kwa kucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi humwendea yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Kanuni hiyo ina busara ndani yake: asiyekuwa wa upande wowote ndiye mwamuzi, na mshindani hawezi kumnyamazisha mwenzake kwa nguvu, kwa sababu akifanya hivyo watazamaji watatawanyika na yeye mwenyewe atakosa ushindi. Mashindano ya namna hiyo huufanya uhasama kuwa na ratiba, kiwanja na mwisho. Baada ya mwisho huo watu hurudi mashambani kulima pamoja.

Tofauti kati ya mashindano na vita, basi, haiko katika ukali wa hisia bali katika kuwepo kwa kanuni ambazo pande zote mbili zinaziheshimu. Uchaguzi nao ni mashindano ya aina hiyo. Yaliyotokea Burnt Forest mwaka 1992 na mwaka 2008 yalikuwa mashindano ya kisiasa yaliyovuliwa kanuni zake, ambapo mshindani aligeuzwa doa la kufutwa.

6.0 Ngoma Darasani: Afrika Magharibi na Rwanda

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, ngoma za Afrika Magharibi zilipata darasa jipya. Fodéba Keïta wa Guinea aliunda kundi lake la Ballets Africains huko Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baada ya uhuru wa Guinea wa mwaka 1958 likawa kundi la taifa. Kupitia kundi hilo na wapigaji waliotokana nalo, ngoma ya djembe ilifika Ulaya na Marekani, na baadaye ikawa chombo cha kufunzia katika kumbi za jamii na vyuo. Chernoff (1979), Mmarekani aliyejifunza kupiga ngoma nchini Ghana, alieleza kuwa pigo moja halijitoshelezi: maana yake huonekana linapojibiwa na pigo jingine, na mpigaji mzuri ni yule anayemwachia mwenzake nafasi. Maelezo hayo yaliwavutia wengi kwa kuwa yalionekana kuutoa ujirani mwema katika kanuni ya muziki wenyewe.

Lakini hapana budi kuwa na tahadhari. Agawu (2003) amewakosoa wataalamu wanaoifanya midundo kuwa ndiyo kiini cha Mwafrika, kana kwamba bara zima ni ngoma moja kubwa. Historia nayo inatoa onyo lake. Fodéba Keïta, aliyeifanya ngoma kuwa sura ya taifa lake na aliyewahi kuwa waziri wa serikali yake, aliuawa mwaka 1969 akiwa mfungwa katika kambi ya Boiro. Ngoma ya taifa haikumwokoa mwasisi wake. Nchini Burundi, ambako ngoma ya kifalme iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, amri ya serikali ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hiyo. Chombo kile kile huweza kufungua mlango na kuufunga.

Kwa upande mwingine, Rwanda imetoa mfano unaokaribia zaidi hali ya Burnt Forest. Katika mji wa Butare, ambao sasa huitwa Huye, mwandishi na msanii wa tamthilia Odile Gakire Katese aliunda kikundi cha wanawake wapigaji ngoma kiitwacho Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya, takriban mwongo mmoja baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kwa mila, upigaji wa ngoma nchini humo ulikuwa kazi ya wanaume. Waliojiunga walikuwa wajane na mayatima wa mauaji hayo, pamoja na wanawake ambao jamaa zao walikuwa gerezani kwa kushiriki. Mwaka 2010 duka la aiskrimu lilifunguliwa mjini humo, na wapigaji ngoma walikuwa miongoni mwa waliolianzisha na kulifanyia kazi.

Mfano huu unaithibitisha hoja iliyotolewa kuhusu beni. Wanawake wa Butare hawakuunganishwa na ngoma waliyoirithi. Waliunganishwa na ngoma waliyokuwa wamenyimwa wote kwa pamoja. Mjane na mke wa mfungwa walikuwa sawa mbele ya chombo ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukigusa. Isitoshe, urafiki wao haukuachwa uelee juu ya mdundo. Palikuwa na ratiba ya mazoezi, na baadaye palikuwa na kazi na kipato. Kama ilivyokuwa kwa beni, ngoma ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na nyumba.

7.0 Burnt Forest: Kwao ni Wapi?

Mwanafunzi wa historia hii anapoirejea Uasin Gishu, anakuta mazingira yenye mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba kwa jamii mbili zilizokabiliana zaidi katika vurugu hizo, ngoma ya kuwambwa haikuwa nguzo ya muziki wao kama ilivyo kwa majirani zao Waluhya. Mwomboko wa Wagikuyu, kwa mfano, umejengwa juu ya kodiani na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. La pili ni kwamba si mbali na hapo, upande wa Kakamega, ipo isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo jina lake limetokana na ngoma zake tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zinazopigwa pamoja. Isukuti huchezwa katika uzazi, harusi, maziko na sherehe nyingine, na mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tamasha ya muziki ya Kenya, iliyoanza mwaka 1927, imekuwa kwa miaka mingi jukwaa ambapo watoto wa shule hucheza ngoma za jamii zisizo zao mbele ya waamuzi.

Tamasha hiyo haijachunguzwa vya kutosha na wahakiki wa fasihi simulizi, ambao mara nyingi huilaumu kwa kuiondoa ngoma katika muktadha wake wa asili. Lawama hiyo ina ukweli, kwani ngoma ya maziko inayochezwa kwa dakika chache mbele ya meza ya waamuzi si ngoma ya maziko tena. Lakini kwa mujibu wa hoja ya makala haya, huko kuondolewa katika muktadha ndiko kunakomfungulia mlango mtoto asiyekuwa Mluhya. Mtoto wa Kigikuyu na mtoto wa Kikalenjin wanaofunzwa isukuti katika darasa moja wako katika hali ile ile ya Marini na Arinoti mbele ya tarumbeta: wote hawajui, wote wanafunzwa, na hakuna pigo la mmoja linalosikika vyema bila ya pigo la mwingine.

Hata hivyo, darasa la shule lina upungufu ambao beni haikuwa nao. Tamasha ikiisha, kikundi huvunjika. Hakuna mchango wa mwezi, hakuna anayemzika mwenzake, hakuna cheo kinachoendelea mtoto anapokuwa mtu mzima mwenye kura na shamba. Vijana waliokuwa barabarani mwaka 2008 walikuwa ni kizazi kilichopita katika shule za nchi yenye tamasha hiyo. Ni kosa kudai kwamba ngoma ilishindwa huko, kwa kuwa kilichokosekana hakikuwa ngoma. Kilichokosekana ni chama: ule utaratibu wa watu wazima ambao ungempa mtu sababu ya kumhitaji jirani yake siku ya pili, ya mwezi na ya mwaka.

8.0 Hitimisho

Imejadiliwa kuwa ngoma zilizojenga udugu miongoni mwa wageni katika Afrika ya Mashariki zilikuwa na sifa tatu. Zilikuwa ngoma za kujifunza, wala hazikuwa za urithi wa upande mmoja. Zilikuwa na chama chenye vyeo, michango na wajibu wa maziko. Na zilikuwa na mashindano yenye kanuni, ambamo mshindani alihitajiwa awepo. Pale sifa hizo zilipokuwepo, kama Dar es Salaam ya mwaka 1955 au Butare baada ya mwaka 1994, ngoma iliweza kubeba mzigo mkubwa kuliko muziki. Pale zilipokosekana, ilibaki kuwa sauti nzuri.

Matokeo ya hoja hii kwa uhakiki ni kwamba methali ya mcheza kwao yapaswa kusomwa upya. Desturi imekuwa kuisoma kutoka kushoto: mtu ana kwao kwanza, kisha hucheza, kisha hutunzwa. Historia ya beni, lelemama na Ingoma Nshya inaisoma kutoka upande wa pili. Watu hutunzana kwanza, kwa michango, kwa mazoezi na kwa maziko; kutokana na kutunzana huko wanapata uwanja wa kuchezea; na mahali walipochezea panakuwa kwao. Katika mji ambao jina lake ni la moto, na ambao umeonja moto huo zaidi ya mara moja, usomaji huo wa pili ndio unaomwachia kila jirani nafasi uwanjani.